Uliza beseni liko wapi: jinsi ya kupima kazi ya wakandarasi wa matengenezo katika nyumba za umma Lubumbashi

Siku ile ilikuwa mwezi wa 8, jua kali, vumbi jekundu limetanda juu ya barabara ya kampi. Mkandarasi alikuwa amebadilisha mabati ya safu nzima ya nyumba. Yaling'aa hata ukashindwa kuyatazama. Tulikuwa watu watano wa kamati ya wakaaji, tukazunguka, tukapiga picha, tukasaini PV, yaani hati, ya makabidhiano. Malipo yote yakatoka.

Mwezi wa 11 mvua ya kwanza kubwa ilinyesha usiku. Asubuhi nilimkuta jirani yangu, mama wa watoto wanne, amekaa mlangoni anakamua blanketi. Ndani kulikuwa na mabeseni matatu na sufuria moja. Akaniambia bila hasira: "Papa, mabati njo mapya, lakini mvula njo ileile." Nikapanda ngazi. Misumari ilikuwa imepigwa kwenye mabonde ya bati badala ya migongo yake, na bati la juu lilifunika la chini kwa upana wa vidole vinne tu. Makosa hayo yalionekana tangu mwezi wa 8. Sisi hatukupanda.

Tangu mwaka ule nimefuatilia kazi za matengenezo katika nyumba za namna hii, na nimeamini jambo moja: ubora wa mkandarasi hauonekani siku anapomaliza, unaonekana kwa kuhesabu ni mara ngapi tatizo lilelile linarudi katika nyumba ileile. Mwongozo huu unakuonyesha namna ya kuhesabu hivyo, na namna ya kuangalia kazi mapema ili isirudi. Nauandikia kamati za wakaaji, mafundi vijana waliowekwa kwenye huduma ya majengo ya kampuni za serikali, na yeyote aliyepewa kalamu ya kusaini kazi ya wengine.

Nyumba tunazozungumzia

Lubumbashi, mji wa migodi kusini mwa Kongo, ni mji wa nyumba za kazi. Union Minière, kampuni ya madini iliyoanzishwa mwaka 1906, ilijenga kampi za wafanyakazi wake, na Gécamines, kampuni ya madini ya serikali, ikazirithi. Reli nayo ina kampi zake. Mtaa wa Ruashi ulijengwa miaka ya 1950 na Office des Cités Africaines, shirika lililoundwa mwaka 1952 kwa ajili ya makazi ya Waafrika mijini. Nyingi ya nyumba hizi sasa ni za watu binafsi, lakini zipo zinazobaki mikononi mwa kampuni au za Serikali, na mkaaji hana ruhusa ya kubadilisha paa kwa hiari yake. Anasubiri mkandarasi atumwe. Ndiyo maana kupima huduma kuna uzito: anayepata hasara siye anayechagua fundi, wala siye anayemlipa.

Jambo la pili ni hali ya hewa. Karibu mvua yote ya mwaka, kiasi cha milimita 1,200, huanguka kati ya mwezi wa 11 na wa 4. Wakandarasi hupenda kufanya kazi wakati wa kiangazi, na wana haki, paa haliwezi kufunguliwa mvua ikinyesha. Lakini maana yake ni kwamba paa, mfereji na ukuta hukabidhiwa kabla ya kujaribiwa na kitu pekee kinachoweza kuvijaribu. Ukipanga tathmini yako kwa kalenda ya ofisi bila kutazama kalenda ya mvua, umeshindwa kabla ya kuanza.

Anza na karatasi

Huwezi kumhukumu mtu kwa jambo ambalo hakuahidi. Tafuta mkataba na devi, yaani orodha ya kazi na bei zake, uvisome mstari kwa mstari. Devi mbaya inasema "ukarabati wa paa" na kiasi cha dolari. Devi nzuri inasema bati la unene gani, mbao za ukubwa gani, misumari yenye washa ya mpira au isiyo nayo, rangi mikono mingapi, fundi afike baada ya saa ngapi akiitwa. Kwa mabati kumbuka kwamba namba ya BG, kipimo cha unene wa bati, ikipanda, bati linakuwa jembamba: BG 32 ni jembamba kuliko BG 28. Kama devi ilisema 28, omba uone alama kwenye bati kabla halijapanda juu, kwa sababu likishapigiliwa utabishana bure.

Kama mkataba haukusema kitu, andika hivyo waziwazi kwenye ripoti yako: "mkataba haukutaja." Kosa hilo ni la aliyeandaa mkataba, na mkandarasi asibebeshwe. Nimeona kampuni ndogo ya vijana ikinyimwa kazi kwa sababu mifereji ya paa haikuwekwa, wakati mifereji haikuwa hata kwenye devi.

Kabla kazi haijaanza, piga picha kila nyumba ukisimama mahali palepale utakaposimama baadaye. Chagua alama, labda mwembe au nguzo ya umeme. Simu yako itaandika tarehe yenyewe.

Daftari la nyumba

Hiki ndicho chombo kikuu, na gharama yake ni daftari moja la kurasa mia mbili. Kila nyumba ipewe kurasa zake mbili. Usilipange kwa jina la mkandarasi wala kwa aina ya kazi, kwa sababu ukifanya hivyo hutaona kitu kikirudi. Chini ya namba ya nyumba andika: mkaaji alisema nini na lini, fundi alifika lini, alifanya nini, alimaliza lini, na mkaaji anasema tatizo liliisha kweli lini.

Angalia sana saa ya kwanza. Kampuni nyingi huanza kuhesabu siku ile bon ya kazi, yaani karatasi ya kumtuma fundi, iliposainiwa ofisini. Mama aliyelalamika Jumatatu, karatasi yake ikalala mezani mpaka Ijumaa, fundi akaja Jumamosi, kwenye ripoti ya kampuni anaonekana amehudumiwa ndani ya siku moja. Kwake yeye ni siku tano za kuchota maji kwa jirani. Andika saa zote mbili. Tofauti kati yake inakuonyesha kama ugonjwa uko kwa mkandarasi au uko ofisini kwenu, na mara nyingi uko ofisini.

Kila mwisho wa mwezi, hesabu nyumba zilizotengenezwa, kisha hesabu ni ngapi zimelalamikia kitu kilekile ndani ya miezi sita. Tuseme mkandarasi wa kwanza alitengeneza nyumba 60, kila moja kwa siku 2, na 9 zikarudi. Hiyo ni asilimia 15. Wa pili alitengeneza nyumba 40, kila moja kwa siku 5, na 2 tu zikarudi: asilimia 5. Ofisi itampenda wa kwanza kwa sababu anafunga bon haraka. Mimi namchukua wa pili bila kusita, maana kila nyumba inayorudi inalipiwa mara mbili, na mara ya pili mbao zimeshaanza kuoza.

Kuingia katika nyumba

Usimwachie mkandarasi akuchagulie nyumba za kutembelea. Atakupeleka kwenye ile aliyofanya kapita (msimamizi wa mafundi) wake bora. Kama nyumba ni nyingi, chukua moja kila baada ya sita kwa kufuata namba, uanzie namba iliyotoka kwenye kofia. Kisha ongeza zote zilizorudi kwenye daftari, bila kuacha hata moja.

Nenda mchana, uzungumze na anayeshinda nyumbani. Jina kwenye karatasi ya nyumba ni la baba aliye kazini, lakini anayejua robine (koki ya maji) inavuja saa ngapi ni mama, au dada mkubwa, au koko (bibi au babu) anayelala chumba cha nyuma. Piga hodi, kaa ukikaribishwa, uliza habari za watoto. Usitoe karatasi mara moja. Watu wa kampi wamezoea kwamba anayekuja na karatasi amekuja kuwatoa kwenye nyumba.

Sasa swali. Ukiuliza "Mama, mmeridhika na kazi?" atakujibu "Ni muzuri tu, papa." Atasema hivyo kwa adabu, au kwa hofu, au kwa sababu fundi ni mtoto wa shangazi yake. Swali hilo limejaza ripoti nyingi zenye asilimia nzuri na nyumba zenye maji. Uliza kitu kilichotokea:

"Mvua ya juzi, uliweka beseni wapi?"

Kama hakuna beseni, atacheka, atakwambia halihitajiki tena. Kama lipo, atainuka akuonyeshe mahali. Maswali mengine ya ukoo huo: "Fundi alipoondoka, nani alifagia?" "Umeme ukirudi usiku, taa ipi haiwaki?" "Mlimuita mara ngapi mpaka akaja?" Na lile gumu, ambalo huulizwa kwa upole mkiwa wawili tu: "Mlimpa kitu cha usafiri?" Matabishi, yaani bakshishi, ya kupenda ni jambo moja. Fundi anayesema hana simenti mpaka utoe franka, wakati simenti imelipwa kwenye devi, ni jambo lingine kabisa. Liandike bila jina la mkaaji, namba ya safu inatosha.

Kupima kwa mikono

Paa kwanza, maana paa likiharibika vingine vyote vinafuata. Ingia ndani saa sita mchana, funga mlango na madirisha, subiri macho yazoee giza, tazama juu. Kila nukta ya mwanga ni tundu. Nyumba yenye plafo itabidi upite kwenye kidirisha cha dari. Kisha panda ngazi. Misumari iwe juu ya mgongo wa bati, kila mmoja na washa yake. Ukipigwa bondeni maji yote yatapita hapo. Kwa upande, bati lifunike jirani yake kwa wimbi moja na nusu. Juu na chini, lifunike angalau sentimita 15, na zaidi pale paa lilipolala. Choma mbao kwa bisibisi: ikizama kama kwenye muhogo uliochemka, mchwa wamefika, na bati jipya juu ya mbao zile ni pesa iliyotupwa.

Kiangazi usikubali neno "tungoje mvua". Leta ndoo za lita 20. Mtu mmoja amwage juu, mwingine akae ndani na tochi. Anzia chini karibu na ukingo wa paa, ngoja dakika kumi, ndipo upande juu kidogo, na tena. Ukianzia juu, maji yataingia mahali usipopajua na utalaumu kiungo kisicho na kosa. Kazi hii inachukua asubuhi nzima kwa nyumba moja, na ndiyo asubuhi yenye faida kuliko zote katika tathmini.

Tahadhari moja ambayo naiomba kwa moyo wote. Nyumba za zamani zinaweza kuwa na vibamba vya kijivu vya simenti yenye nyuzi. Vingi vya wakati ule vilitengenezwa kwa asbesto. Vikikatwa kwa msumeno au kuvunjwa kwa nyundo, vumbi lake likivutwa linaweza kuleta saratani ya mapafu baada ya miaka mingi. Mkandarasi mzuri huvilowesha, huvishusha vizima, huvifunga kwenye plastiki, na mafundi wake huvaa barakoa za kazi hiyo, siyo kitambaa. Ukiona watoto wanachezea vipande vyake uani, simamisha kazi siku hiyohiyo.

Lipu ipime kwa ufunguo. Gonga ukuta kila baada ya hatua moja. Sauti nzito ni nzuri. Sauti ya mtungi mtupu ina maana lipu haijashika tofali na itaanguka. Sugua kwa kiganja: ukibaki na mchanga, simenti ilikuwa kidogo au ukuta haukunyweshwa maji. Lipu mpya inahitaji kuwekwa unyevu kwa siku kama saba, na rangi ingoje wiki tatu hadi nne. Kwa hiyo daftari lako likisema lipu Jumanne na rangi Alhamisi, huna haja hata ya kugonga. Pia usidanganywe na rangi juu ya ukuta wenye unyevu. Uliza maji yanatoka wapi kwanza. Mara nyingi ni bomba lililopasuka ukutani au udongo uliorundikwa nje mpaka juu ya sakafu.

Robine: weka chupa ya lita moja na nusu chini yake usiku kucha. Hakikisha maji ya REGIDESO yanatoka wakati huo, kwa sababu robine mbovu haivuji pale ambapo maji yamekatika, na fundi mjanja huja kukabidhi saa zile.

Choo na shimo lake vipimwe kwa kumwaga ndoo na kusikiliza: maji yaondoke kwa mkupuo mmoja bila kubwabwaja. Bomba la kutolea hewa lipite juu ya paa na liwe na wavu wa kuzuia mbu. Mfuniko ukae imara hata mtoto akiruka juu yake. Usiruhusu mtu yeyote aingie ndani ya shimo kuangalia, hata kwa dakika moja. Hewa ya humo inaua, na anayeingia kumwokoa mwenzake hufa pia.

Umeme ni wa fundi umeme, usifungue kitu. Wewe bonyeza tu kitufe cha majaribio cha disjonkta difarensieli ya miliampere 30, ile swichi inayokata umeme ukivuja: ikikatika, sawa, isipokatika, andika na uite mtu leo. Nyaya za soketi ziwe za milimita 2.5 za mraba, za taa 1.5. Uliza kama kuna waya wa ardhi. Huku umeme wa SNEL hukatika na kurudi kwa kishindo, na waya mwembamba hulipa gharama hiyo kwa kuungua.

Tabia ya fundi nayo ni kazi

Mwaka 1988 watafiti watatu wa Marekani, Parasuraman, Zeithaml na Berry, walitoa kipimo cha huduma kiitwacho SERVQUAL, chenye maswali 22 juu ya mambo matano: kutimiza ulichoahidi, kuitikia haraka, kuaminika kwa ujuzi na adabu, kumjali mtu, na vitu vinavyoonekana kama vifaa na usafi. Kinalinganisha kile mtu alichotarajia na kile alichopata. Kwetu kina shimo moja ambalo ni lazima ulijue: mkaaji aliyekaa miaka ishirini chini ya paa linalovuja hatarajii kitu. Ukimtengenezea nusu, atakupa alama zote. Ndiyo sababu maneno ya mkaaji na ndoo ya maji lazima viende pamoja, kimoja kisifunike kingine.

Hata hivyo adabu ipime. Je, fundi alitoa taarifa siku moja kabla? Alifunika kitanda na vyombo kabla ya kugonga dari? Alimwambia mama ukweli kwamba kazi itachukua siku tatu? Aliomba ruhusa kuingia chumba cha wazazi?

Na dharura itengwe na foleni ya kawaida. Uingereza ilijifunza hilo kwa uchungu. Mtoto wa miaka 2, Awaab Ishak, alikufa mji wa Rochdale mwezi wa 12 mwaka 2020 kwa sababu ya kuvu katika nyumba ya shirika la makazi ya umma. Sheria inayobeba jina lake ilianza kutumika tarehe 27 Oktoba 2025: hatari ya dharura ishughulikiwe ndani ya saa 24, na unyevu na kuvu vyenye hatari kubwa vichunguzwe ndani ya siku 10 za kazi. Hatuna haja ya kungoja sheria kama hiyo ili kuandika kwenye mkataba wetu kwamba waya ulio wazi, shimo lililofunguka na ukuta unaoinama ni vya saa 24.

Alama na pesa

Mimi hugawa alama 100 hivi: 40 kwa kutorudi kwa tatizo, 30 kwa ubora uliopimwa kwa mikono, 15 kwa muda kuanzia mkaaji aliposema, 10 kwa namna alivyowatendea watu, 5 kwa usafi wa eneo. Unaweza kubadilisha, lakini usishushe ile 40. Na hatari ya maisha isiingizwe kwenye hesabu: kazi yenye waya ulio wazi haipati 85, inarudiwa.

Kisha muite mkandarasi mezani kabla ya kupeleka ripoti. Mpe daftari asome. Msikilize kwa haki, kwa sababu wakandarasi wengi hapa hukaa miezi bila kulipwa fakitire zao, na anayenunua simenti kwa mkopo hununua kidogo. Hilo liandikwe pia. Tenganisha makosa yake na ya ofisi, na yale ya mkaaji aliyetoboa bati kuweka antena.

Nguvu yako iko kwenye pesa iliyobaki. Mikataba ya umma nchini, chini ya sheria namba 10/010 ya tarehe 27 Aprili 2010, kwa kawaida ina makabidhiano ya muda na makabidhiano ya mwisho, na kati yake kiasi fulani cha malipo huzuiliwa kama dhamana, mara nyingi asilimia 5 hadi 10. Soma mkataba wenu unasema kiasi gani na kwa muda gani. Kisha simamia jambo moja tu: makabidhiano ya mwisho ya kazi yoyote ya paa, mfereji au ukuta yasifanyike kabla msimu mzima wa mvua haujapita juu yake. Kazi iliyomalizika mwezi wa 8 isainiwe mwezi wa 5 unaofuata, siyo mwezi wa 10.

Siku hiyo mzunguke pamoja: wewe, mkandarasi, kapita wake, na wakaaji wawili wasio wa kamati. Chukua daftari na zile picha za kwanza. Katika kila nyumba, kabla hujatazama paa, tazama pembe za sakafu kama zina alama ya duara ya maji yaliyokauka, mahali beseni lilipokaa msimu mzima. Ikiwepo, andika namba ya nyumba na tarehe ya kurekebisha mbele ya wote, kila mtu asaini, na dhamana ibaki ofisini mpaka urudi na ndoo.